Mukama Rumanyika na Faru wa Karagwe

Kabla Injili haijahubiriwa katika nchi ambayo leo ni Jimbo Katoliki la Kayanga, Karagwe ilitawaliwa na Mukama Rumanyika I Orugundu wa ukoo wa Wahinda, aliyekaa Bweranyange. Alirithi kiti cha baba yake Ndagara baada ya ugomvi mkali na ndugu yake Rogero. Masimulizi ya ikulu yalisema kwamba ngoma ya kifalme iliwashinda ndugu zake kuiinua, naye akaiinua kwa wepesi.

Mwezi Novemba 1861 aliwapokea John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliokuwa wakitafuta chanzo cha mto Nile. Aliwatunza kwa ukarimu mkubwa; Grant, aliyekuwa akiugua mguu, alibaki kwake miezi kadhaa. Maandishi ya wageni hao yamekawia sana juu ya unene wa wanawake wa ikulu, jambo ambalo sisi hatulioni kuwa kubwa. Kubwa ni walichokiona nje ya ua: vilima vyenye faru, na mabwawa yenye nzohe, mnyama wa matopeni ambaye jina lake la kisayansi limebeba hadi leo jina la Speke, si la mwenyeji wake. Siku moja Speke aliua faru, akampelekea mfalme vichwa vyao. Mfalme akastaajabia nguvu ya bunduki. Hatumlaumu, hakuwa na sababu ya kudhani kwamba faru wangeweza kwisha. Stanley alipofika mwaka 1876 alimkuta mzee, naye hakuishi miaka mingi baada ya hapo.

Bunduki ziliendelea kuja. Mwishoni mwa miaka ya 1950 faru weusi wa Karagwe walivushwa mto Kagera na kupelekwa hifadhi ya Akagera, Rwanda. Ujangili ukawafuata huko, na wa mwisho alionekana mwaka 2007. Ilipofika 2017 Rwanda ililazimika kuleta faru 18 kutoka Afrika Kusini.

Kwetu, mwaka 2019 mapori ya akiba ya Rumanyika Orugundu na Ibanda yalipandishwa hadhi kuwa Hifadhi za Taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa. Mkulima ambaye mahindi yake yameliwa na nguruwe pori ana haki ya kulalamika, nasi mapadre yatupasa kumsikiliza. Lakini mtego wa waya hauchagui: uliotegewa nguruwe humnasa na nzohe. Naye nzohe hana pa kukimbilia, kwa maana makao yake ni mafunjo, na kiangazi kirefukapo moto wa wachungaji na wawindaji huingia hata humo.