Zane Grey na Samaki wa Ratili Elfu

Mwalimu wetu alipotutaka sisi wa Kidato cha Nne tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani, wenzangu walikimbilia Mkwawa, Shaaban Robert na Siti binti Saad. Mimi nilichagua Mmarekani aliyekuwa mganga wa meno, akawa mtunzi wa hadithi, na juu ya hayo yote akawa mvuvi. Najua wako watakaouliza mvuvi ana umashuhuri gani. Nawaomba wasubiri kidogo, kwanza nieleze jinsi nilivyofikia kumjua.

Kwetu ni Mafia. Likizo ya Juni nilikwenda baharini na mjomba wangu, ambaye huvua kwa mshipi wa mkono. Usiku wa kuamkia safari alinikabidhi ndoana zote nizitazame, ninoe zilizo butu na kutupa zilizoliwa na kutu. Nilikuwa nimechoka. Nilizitazama juu juu, nikalala. Kesho yake nduwaro alichukua chambo chetu. Mshipi ulikimbia hata ukamchana mjomba kiganja, tukashindana na samaki yule karibu saa nzima, na alipofika ubavuni mwa mashua, nikaiona rangi yake ya samawati kwa macho yangu, mshipi ukalegea. Ndoana ilirudi imekatika pale palipokuwa na kutu. Samaki yule alikuwa nauli yangu ya kurudi shuleni na sare za wadogo zangu wawili. Mjomba hakunigombeza. Alijifunga kiganja kwa kitambaa, akageuza tanga. Ingekuwa nafuu kwangu kama angenigombeza.

Niliporudi shuleni nilikuta katika maktaba yetu kitabu kikuukuu kisicho na jalada, cha hadithi za wapanda farasi wa Marekani, na katika kurasa za mwanzo habari fupi za mwandishi wake. Ilisemwa kwamba alivua nduwaro wa ratili elfu na zaidi. Nikaanza kumtafuta katika vitabu vingine.

Zane Grey alizaliwa tarehe 31 Januari, 1872, katika mji wa Zanesville, jimbo la Ohio. Mji huo uliasisiwa na mzee wa ukoo wa mama yake, ndiyo sababu ya jina lile la Zane. Baba yake alikuwa mganga wa meno, mtu mkali. Mtoto huyu alipenda mambo mawili, kuvua mitoni na kusoma hadithi, na baba hakuona faida katika yote mawili. Akiwa na umri wa miaka 15 aliandika hadithi yake ya kwanza. Baba alipoiona aliichana vipande vipande, kisha akampiga. Lakini palikuwa na mzee mmoja mvuvi pale mjini, ambaye watu walimdharau, na huyo ndiye aliyemtia moyo kijana avue na aandike. Nadhani kila mji una mzee wa namna hiyo.

Baadaye baba alipoteza mali, wakahamia Columbus. Kijana akawa anamsaidia kung'oa watu meno hata kabla hajasomea kazi hiyo, mpaka wakubwa wa serikali wakamkataza. Alikuwa hodari wa mchezo wa besiboli, na kwa mchezo huo alipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akahitimu uganga wa meno mwaka 1896. Akafungua chumba cha kazi New York. Kazi hiyo hakuipenda hata siku moja. Kila alipopata nafasi alikwenda na ndugu yake, Romer, kuvua katika mto Delaware, na huko mwaka 1900 alikutana na Lina Roth, ambaye alizoea kumwita Dolly. Wakaoana mwaka 1905.

Yafaa kusema hapa kwamba maandishi yake ya kwanza kuchapwa katika gazeti, mwaka 1902, hayakuhusu farasi wala bastola. Yalihusu siku moja ya kuvua katika mto ule wa Delaware. Uvuvi ndio uliomfungulia mlango wa uandishi, ingawa watu wengi hudhani ni kinyume.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Kitabu chake cha kwanza, mwaka 1903, alikichapa kwa gharama zake. Akaacha uganga wa meno, na nyumba ikaendeshwa kwa fedha za urithi wa Dolly. Mhariri mmoja wa kampuni kubwa ya vitabu alimrudishia mswada wake na kumwambia kwamba haoni dalili yoyote ya kuwa ataweza kuandika. Wanafunzi wenzangu mnaorudishiwa insha zenu zikiwa na wino mwekundu, mtu huyu alikuwa na umri wa miaka zaidi ya 30 alipoambiwa maneno hayo. Mwaka 1912 kampuni ile ile ilitoa kitabu chake kiitwacho Riders of the Purple Sage, kikanunuliwa kwa maelfu na maelfu. Toka hapo fedha zilimjia kama mvua ya masika, na nyingi alizimwaga baharini.

Wengi wetu tuliokulia pwani hatujui uvuvi wa namna ile, hivyo nitaueleza. Mvuvi hukaa katika kiti kilichofungwa imara nyuma ya boti, amejifunga mikanda mabegani. Mikononi ana ufito mnene wa mti mgumu, na juu ya ufito kuna gurudumu la chuma lililokunjiwa mshipi wa mamia ya yadi. Gurudumu lina breki. Samaki akikimbia, breki humwachia mshipi kwa shida ili achoke. Akipumzika, mvuvi huvuta ufito juu, kisha huuinamisha upesi huku akikunja mshipi alioupata. Juu, chini, juu, chini, kwa saa nyingi. Ufito ukivunjika, au breki ikishika ghafula, au fundo likiteleza, basi kazi yote imekwisha.

Siku hizo nailoni ilikuwa haijaingia katika uvuvi. Mishipi ilikuwa ya kitani, na kitani kina tabia ya ajabu: kikilowa huwa na nguvu kuliko kikavu, lakini kikiachwa na unyevu wa chumvi huoza. Kwa hiyo kila jioni iliwapasa wavuvi kukunjua mshipi wote kutoka kwenye gurudumu, kuusuuza na kuuanika, na kuukunja tena. Ndoana nazo zilinolewa kwa tupa. Grey alikuwa mtu wa kukaza sana juu ya mambo haya. Kampuni ya Hardy ya Alnwick, Uingereza, ilitengeneza gurudumu lililobeba jina lake, na fundi Arthur Kovalovsky wa Hollywood alimtengenezea magurudumu makubwa kwa ajili ya samaki ambao vyombo vya dukani havikuweza kuwamudu. Niliposoma habari za mishipi ile kuanikwa kila jioni, nilikumbuka usiku wangu mmoja tu wa ndoana, nikafunga kitabu kwa muda.

Lakini sitaki wasomaji wadhani kwamba alikuwa malaika. Alikuwa na majivuno mengi. Katika kisiwa cha Catalina, pwani ya California, alikuwa mwanachama wa chama mashuhuri cha wavuvi wa jodari kilichoanzishwa mwaka 1898. Mwaka 1920 alivua hapo samaki-upanga, jamaa wa mbali wa nduwaro, mwenye uzito wa ratili 418, akatamba sana. Mwaka uliofuata mwanamke mmoja, Bibi Keith Spalding, mwenye umbo dogo, akavua wa ratili 426. Grey hakuweza kuvumilia. Akatoa maneno ya kudokeza kwamba bibi yule alisaidiwa na wanaume. Chama kilimtaka aombe radhi, naye akajitoa katika chama. Dada zangu wanaosoma habari hii watapenda kujua kwamba uzito wa yule bibi haukupunguzwa hata ratili moja.

Nyumbani pia mwenendo wake haukuwa wa kuigwa. Alikuwa akitoweka miezi mingi, na Dolly ndiye aliyelea watoto watatu, akasahihisha miswada, akapatana bei na wachapaji. Kwa maoni yangu vitabu vile vina waandishi wawili, ijapokuwa jalada lina jina moja.

Mwaka 1924 alikwenda Nova Scotia, nchi ya Kanada, akavua jodari wa ratili 758, yaani karibu kilo 344. Hakuna aliyekuwa amepata jodari mkubwa kama huyo kwa ufito. Huko huko alinunua merikebu ya milingoti mitatu, akaiita Fisherman, na mwaka 1925 akasafiri nayo hadi visiwa vya Galapagos.

Mwaka 1926 alifika New Zealand na kupiga kambi katika Ghuba ya Visiwa. Wenyeji walimpokea kwa heshima, kisha wakagombana naye, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa ndoana. Wavuvi wa huko walitumia ndoana yenye meno matatu, wakiachia chambo kielee na mkondo. Grey alisema ndoana za namna hiyo hazimpi samaki nafasi ya haki, na kwamba mvuvi muungwana hutumia ndoana ya jino moja na kukokota chambo nyuma ya boti. Wao wakamwona mgeni anayekuja kuwafundisha wenye nyumba namna ya kupika. Mimi nawaonea huruma pande zote mbili. Msimu ule ule rafiki yake, Kapteni Laurie Mitchell, alivua nduwaro mweusi wa ratili 976, akampita Grey mbali kabisa. Safari hii hakumwambia mtu kwamba amesaidiwa.

Sasa nifike kwenye samaki aliyenifanya niandike. Grey alikuwa amejenga kambi Vairao, katika kisiwa cha Tahiti. Alirudi huko mara kwa mara akiamini kwamba katika maji yale ya kina kuna nduwaro wakubwa kuliko wote waliopata kuonekana. Siku nyingi alirudi mikono mitupu. Mwezi wa Mei, 1930, alipokuwa na umri wa miaka 58, akapata. Ufito haukuvunjika, mshipi haukuoza, ndoana haikupinda. Kila kitu alichokitengeneza kwa mkono au kukinunua kwa fedha kilifanya kazi yake. Lakini samaki alipokuwa amechoka, papa walimvamia na kumla sehemu ya nyuma, karibu na mkia. Walichofikisha nchi kavu, baada ya papa kula, kilikuwa na uzito wa ratili 1,040, kiasi cha kilo 472. Huyo huandikwa kuwa samaki wa kwanza aliyezidi ratili 1,000 kuvuliwa kwa ufito na gurudumu.

Wavuvi wa ufito walikwisha kuwa na desturi ya kutohesabu samaki aliyeliwa na papa, kwa kuwa samaki aliyejeruhiwa hapigani tena kwa nguvu zake zote. Mwaka 1939 chama cha mataifa yote cha uvuvi huo kilipoundwa, kanuni hiyo ikawa katika sheria zake. Hivyo samaki mkubwa kuliko wote wa maisha yake hakuingia katika orodha ya chama hicho. Waliosoma kitabu cha Ernest Hemingway cha mwaka 1952, cha mzee na bahari, watakuwa wameanza kutikisa kichwa, maana kisa chafanana. Huyo Hemingway alipata kuvua hata katika bahari yetu, huko Malindi, mwaka 1934.

Baada ya Tahiti, mambo yalimwendea kombo. Fedha ziliadimika Marekani nzima, vitabu vikapungua bei, na chombo chake cha pili, Fisherman II, kikala mali nyingi bila kumfikisha alikotaka. Hata hivyo mwaka 1936 alikuwa Australia, akavua papa wa ratili 1,036 karibu na Sydney. Napenda kufikiri kwamba huyo alikuwa kisasi.

Mwaka 1937 alipokuwa akivua katika mto Umpqua, jimbo la Oregon, alipatwa na kiharusi. Alipona kiasi cha kuweza kushika tena kalamu na ufito. Alikufa kwa ugonjwa wa moyo nyumbani kwake Altadena, California, tarehe 23 Oktoba, 1939. Majivu yake yamezikwa Lackawaxen, kando ya mto ule ule wa Delaware alikovua samaki wadogo wa makala yake ya kwanza, na Dolly yuko pamoja naye. Nyumba yao ya hapo imekuwa makumbusho.

Habari hizi nilimsimulia mjomba kwa simu siku ya Jumapili tulipopewa ruhusa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kuhusu papa alisema tu kwamba hao wapo kila mahali. Aliniuliza zaidi juu ya tupa: ni kubwa kiasi gani, na meno yake ni laini au makali. Nimeagizwa nimnunulie moja nitakapopita Dar es Salaam baada ya mtihani.