Freddie Mercury: Mtoi wa Unguja mwenye mpaka leo mnabishania

Hata kama rock si form yako, hii ngoma unaijua. Fainali imeisha, mmebanana kwa kibanda cha kuonyesha mechi huko Laini Saba, kapteni anainua kombe, na kabla mwenye kibanda azime TV kuna wimbo unapigwa uwanjani. Huo ni We Are the Champions. Msee aliyeuandika na kuuimba hakuzaliwa London. Alizaliwa Unguja, hapo tu ukivuka maji kutoka Mombasa.

Na kama wewe ni mmoja wa wale wachache mtaani wenye huskiza rock, kuna vitu mbili unajua. Ya kwanza, kila siku unaambiwa hizo ni kelele za wazungu. Ya pili, mkikutana wenyewe hamuishi kubishana. Nani ni mwanamuziki wa ukweli na nani ni mdomo tu? Msee akirudia ngoma ya mwingine, hiyo ni heshima ama ni uvivu? Na albamu, unaiskiza kutoka mwanzo hadi mwisho ama unaokota tu zile zinakubamba?

Cheki maisha ya Freddie Mercury polepole. Hayo maswali yote yako ndani.

Farrokh wa Mji Mkongwe

Jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946 katika hospitali ya serikali, Mji Mkongwe. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi, Wahindi wa dini ya Zoroaster wenye asili ya Gujarat. Mzae alikuwa keshia wa mahakama, ameajiriwa na serikali ya kikoloni ya Waingereza. Baadaye akapata dada, Kashmira.

Akiwa na miaka 8 hivi alipandishwa meli akapelekwa shule ya bweni India, St Peter's, mji wa Panchgani. Hapo ndio wanafunzi wenzake walianza kumwita Freddie. Hapo ndio alisoma piano. Na hapo ndio aliunda bendi yake ya kwanza na wenzake wanne, wakaiita The Hectics. Walikuwa wanapiga nini? Ngoma za wenyewe, kama za Little Richard.

Simama hapo kidogo. Little Richard alikuwa Mmarekani mweusi. Yeye, Chuck Berry na wenzao ndio walijenga huu muziki kutoka kwa bluzi na nyimbo za kanisani. Kwa hivyo ukiambiwa tena rock ni ya wazungu, uliza mwenye anasema alisomea wapi hiyo historia. Mtoto wa Kihindi kutoka Unguja aliipata rock kwa mtu mweusi, akiwa shuleni India.

Freddie alirudi Unguja mwaka wa 1963. Hakukaa. Tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yakafanyika, Sultani akaondolewa, na maelfu ya watu wakauawa. Waarabu na Wahindi wengi wakahepa. Familia ya Bulsara ikaenda Uingereza na virago vichache, ikakaa Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Kijana alikuwa na miaka 17.

Kuuza mitumba

Watu hupenda kufikiria mastaa wa majuu walianguka tu kutoka mbinguni. Huyu alibeba mizigo Heathrow. Akasoma uchoraji na usanifu chuo cha Ealing, na kazi yake ya mapenzi ilikuwa kumchora Jimi Hendrix, mweusi mwingine aliyemtoa akili. Halafu akafungua kibanda cha nguo Kensington Market pamoja na mpiga ngoma anaitwa Roger Taylor. Nguo zenyewe zilikuwa kuukuu. Wewe unajua hiyo biashara inaitwaje. Ungemkuta Toi Market usingeshtuka.

Roger na mpiga gita Brian May walikuwa na bendi inaitwa Smile. Mwimbaji wao alipotoka mwaka wa 1970, Freddie akaingia. Akabadilisha jina la bendi likawa Queen, akajibadilisha la kwake likawa Mercury, akachora na nembo mwenyewe akitumia alama za nyota za kila mmoja. Mwaka uliofuata John Deacon akaja na besi. Hao wanne hawakuachana mpaka kifo.

Mdomo tu, ama mwanamuziki?

Hapa ndio moto huwaka. Kuna wasee watakuambia wanamuziki wa Queen ni wale watatu. Brian alijijengea gita na babake, mbao zingine zikitoka kwa fremu ya mahali pa kuwashia moto ndani ya nyumba. Roger anapiga ngoma na kuimba sauti za juu kabisa. John ndiye aliandika Another One Bites the Dust. Freddie? Ati masharubu na mbwembwe.

Sasa chukua albamu yao ya Greatest Hits ya 1981, ile ya Uingereza. Iko na ngoma 17. Freddie aliandika 10. Bohemian Rhapsody, Killer Queen, Somebody to Love, Don't Stop Me Now, We Are the Champions, zote ni za kalamu yake. Na ile piano unaskia ndani ya Bohemian Rhapsody, vidole ni vyake.

Gita hakulijua sana. Mwaka wa 1979 wakiwa Munich alikuwa anaoga hotelini, wazo likamjia, akachukua gita na kodi chache alizokuwa nazo. Dakika chache baadaye Crazy Little Thing Called Love ilikuwa imekaa. Ilifika namba moja Marekani. Huyo angejua kodi mia moja pengine angeiharibu. Kuna wapiga gita wengi mtaani wana vidole vya mbio kushinda Freddie, na hawana hata ngoma moja yenye mtoto wa jirani anaweza kuimba. Mwanamuziki ni yule anajua wimbo unataka nini, halafu anaupatia hicho tu.

Wakati mwingine wimbo ulitaka vitu vingi. Sehemu ya katikati ya Bohemian Rhapsody, ile ya opera, unaskia kama kwaya ya kanisa nzima. Ni watu watatu: Freddie, Brian na Roger, wakiimba wiki nzima na zaidi, sauti juu ya sauti, mpaka mkanda wa studio ukaanza kuisha. Hakukuwa na kompyuta. Ramani ya hiyo yote ilikuwa kwa kichwa ya Freddie.

Ukiskiza ngoma moja, umedandia safari mwisho

Siku hizi simu inakupatia Bohemian Rhapsody peke yake, katikati ya amapiano na gengetone. Poa. Lakini jua umepanda mathree ikiwa imebakisha steji moja.

Hiyo ngoma iko kwa albamu ya A Night at the Opera, ya Novemba 1975. Iko namba ngapi? Namba 11 kati ya 12. Kwanza unapigwa na hasira ya Death on Two Legs. Unapitia vichekesho, mapenzi, ngoma ndefu ya kutisha ya The Prophet's Song. Unatulizwa na Love of My Life. Ndio unafika kwa hiyo dude ya karibu dakika sita. Ikishaisha, Brian anapiga wimbo wa taifa wa Uingereza kwa gita, kama vile sinema za kitambo zilifungwa, watu wakiinuka waende nyumbani. Ukiitoa hapo inabaki kali, na ilikaa namba moja Uingereza wiki tisa. Lakini kazi yake ya kufunga show nzima huwezi kuiskia.

Hawa jamaa walifikiria mpangilio kila mara. Queen II ya 1974 haikuwa na upande A na upande B. Ilikuwa na upande Mweupe na upande Mweusi, na ule Mweusi wote uliandikwa na Freddie. News of the World ya 1977 inaanza na We Will Rock You ya Brian, halafu papo hapo We Are the Champions. Hizo mbili zimekuwa kama mapacha, redio nyingi huogopa kuzitenganisha.

Doa la Sun City, na dakika ishirini za Wembley

Hii sehemu mashabiki wengi huruka. Sisi haturuki.

Oktoba 1984 Queen walienda kupiga show Sun City, Afrika Kusini. Apartheid ilikuwa imekaa ngumu, Mandela yuko ndani, na wasanii wa dunia walikuwa wamekubaliana kususia huko. Wao wakaenda. Chama cha wanamuziki Uingereza kikawatoza faini, na Umoja wa Mataifa ukaweka jina lao kwa orodha mbaya. Kwa msee aliyezaliwa Afrika na kumpenda Hendrix, hiyo inauma zaidi. Unaweza kumpenda Freddie na bado useme hapo walikosea.

Miezi tisa baadaye, tarehe 13 Julai 1985, walipanda jukwaa la Wembley kwa Live Aid, tamasha la kuchangia wahanga wa njaa ya Ethiopia, majirani wetu hapa kaskazini. Kila bendi ilipewa kama dakika 20. Wengine walikuja kujipiga kifua na ngoma mpya. Queen walikaa chini wakapanga.

Cheki mpangilio. Wakaanza na Bohemian Rhapsody, Freddie kwa piano, wakaikata kabla ya opera. Wakaingia Radio Ga Ga, watu zaidi ya 70,000 wakapiga makofi kwa mpigo mmoja. Freddie akacheza na sauti ya umati, anaimba wanajibu. Hammer to Fall ikapandisha gita. Crazy Little Thing Called Love ikashusha presha kidogo, na gita akashika mwenyewe. Kipande cha We Will Rock You, na We Are the Champions ya kufunga. Hakuna hata sekunde ya kupumua bure. Mpaka leo wasee wakibishania show kali zaidi ya rock, hiyo ndio inatajwa kwanza.

Ngoma ya mwenyewe

Sisi tunajua hii rieng vizuri kwa sababu ya Malaika. Fadhili William aliirekodi hapa Nairobi, halafu Miriam Makeba, Boney M. na Angélique Kidjo kila mmoja akaichukua kwa njia yake. Swali halijawahi kuwa kama unaruhusiwa kurudia. Swali ni, uliongeza nini?

Mwaka wa 1987 Freddie alirudia The Great Pretender, ngoma ya The Platters ya 1955. Wimbo ni wa mtu anayejifanya yuko sawa na ndani anaumia. The Platters waliuimba kama mapenzi yaliyovunjika. Freddie akauvaa kama maisha yake: mtoto aliyebadilisha jina, aliyekuwa karibu haongei juu ya Unguja, aliyependa wanaume na hakutaka magazeti yamchimbe. Mwaka huo huo ndio aliambiwa ana virusi vya Ukimwi. Kumbuka hiyo ukitazama ile filamu ya 2018, juu wao walisogeza habari hiyo ikaja kabla ya Live Aid.

Na yeye pia amerudiwa. Metallica walichukua Stone Cold Crazy wakashinda nayo Grammy. Kwenye tamasha la kumkumbuka, Wembley, Aprili 1992, George Michael aliimba Somebody to Love mpaka watu wakasahau kidogo mwenyewe hayuko. Ukitaka kujua kurudia ngoma ni nini, anza na hiyo.

Namba ya mwisho

Miaka hiyo Ukimwi haukuwa na dawa kama za leo, na aibu ilikuwa inaua mapema kuliko ugonjwa. Freddie akanyamaza, akarudi studio. Akatoa albamu ya opera, Barcelona, na Montserrat Caballé, mwimbaji mkubwa wa Uhispania. Hakuna vile mama wa kiwango hicho angekubali kusimama na mdomo tu.

Halafu Innuendo, Februari 1991. Ngoma ya 12 na ya mwisho ni The Show Must Go On, ambayo Brian ndiye aliijenga zaidi. Brian aliogopa zile sauti za juu zitamshinda mgonjwa. Hazikumshinda. Huo wimbo umewekwa mwisho makusudi. Ukiusikia baada ya zile 11 za kwanza utaelewa ni kwaheri.

Tarehe 23 Novemba 1991 alitangaza kwamba ana Ukimwi. Kesho yake akafariki nyumbani kwake London, akiwa na miaka 45. Mazishi yaliongozwa na makuhani wa Zoroaster, dini ya wazazi wake, na pesa za tamasha lile la Wembley zikaanzisha mfuko wa kupambana na Ukimwi.

Unguja yenyewe imechukua muda kujua imfanyie nini. Mwaka wa 2006 sherehe ya kukumbuka kuzaliwa kwake ilipingwa na kundi la Uamsho kwa sababu ya maisha yake ya mapenzi. Mwaka wa 2019 makumbusho yake yakafunguliwa Mji Mkongwe, barabara ya Kenyatta. Ndio, Kenyatta huyo huyo.

Kwa hivyo ni wetu ama si wetu? Mwenyewe hakuwahi kutuomba tumdai. Lakini alitoka hapa, akauza mitumba, akachukua muziki wenye hakuna aliyesema ni wake, akaufanya wake kwa kazi. Wewe pia huhitaji ruhusa ya mtu.

Wikendi hii weka A Night at the Opera kutoka namba moja, usirukishe, simu iweke kando. Ukimaliza ndio uje base tubishane.