Daktari wa Jicho Moja

Mtoto wa Kalundu anajua tangu udogo wake kwamba nchi yao ina sehemu mbili. Chini, kando ya ziwa, kuna joto. Mbu ni wengi, na homa ya malaria huwashika watoto mara kwa mara. Juu, katika milima iliyo nyuma ya Uvira, kuna baridi. Watu hujifunika mablanketi, na mbu ni wachache. Kila mtu huyaona mambo hayo, wala hayamshangazi. Lakini alikuwako daktari mmoja aliyeyatazama mambo ya namna hiyo kwa makini. Aliuliza kwa nini ugonjwa fulani upo huku na haupo kule. Kwa sababu ya swali hilo watoto wengi waliokaribia kufa walipona. Jina lake Denis Burkitt.

1. Utoto wake

Denis Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, Ayalandi, kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza. Baba yake alikuwa mhandisi, msimamizi wa barabara na madaraja. Baada ya kazi, baba huyo alipenda kuchunguza ndege. Aliwakamata ndege wadogo wenye vifua vyekundu waliokaa bustanini, akawavika pete ndogo miguuni, kisha akawaachilia. Siku baada ya siku alitazama kila ndege anakaa wapi, akachora ramani ya mipaka yao. Denis aliyaona hayo akiwa bado mdogo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipatwa na msiba. Jiwe lililorushwa na watoto lilimpiga usoni, likavunja miwani yake, na vipande vya kioo vikaingia katika jicho la kuume. Waganga hawakuweza kuliponya jicho hilo. Tangu siku ile Denis aliona kwa jicho moja tu, maisha yake yote.

Shuleni hakuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza. Mwaka 1929 aliingia chuo kikuu mjini Dublin, akaanza kusoma uhandisi kama baba yake. Huko alijiunga na wanafunzi waliokuwa wakisali pamoja, naye akaona kwamba Mungu anamwita kuwahudumia wagonjwa. Basi akaacha uhandisi, akasoma udaktari, akahitimu mwaka 1935. Baadaye akajifunza kazi ya kupasua.

2. Anakuja Afrika

Burkitt alitamani kufanya kazi Afrika. Aliandika barua kuomba kazi katika makoloni ya Uingereza, lakini alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Hakukata tamaa. Wakati wa vita kuu ya pili, mwaka 1941, aliingia jeshini kama daktari, na kwa njia hiyo akafika Kenya. Vita ilipokwisha aliomba tena, na safari hii akakubaliwa. Mwaka 1946 alipelekwa Uganda, katika mji wa Lira, na mkewe Olive akawa pamoja naye.

Kule Lira aliwapasua watu wengi wenye ugonjwa wa mabusha. Alipowauliza wanatoka wapi, aliona jambo la ajabu: wagonjwa wengi walitoka upande wa mashariki wa wilaya ile, na wachache sana walitoka magharibi. Akaandika habari hiyo. Hapo ndipo alipozoea kuuliza mgonjwa anaumwa nini, na tena anakaa wapi.

Mwaka 1948 alihamishwa Kampala, kwenye hospitali kubwa ya Mulago.

3. Watoto wawili

Siku moja ya mwaka 1957, daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Uso wa mtoto yule ulikuwa umevimba vibaya. Taya la juu na taya la chini, kuume na kushoto, kote kulikuwa na uvimbe, na meno yalikuwa yamelegea. Burkitt hakuwa amepata kuona ugonjwa wa namna hiyo. Akampiga picha, lakini hakujua la kufanya.

Majuma machache baadaye alikwenda kuitembelea hospitali ya Jinja. Alipokuwa akitazama nje kwa dirisha, alimwona mtoto ameketi majanini pamoja na mama yake, na uso wake umevimba vilevile. Burkitt alitoka mbio akampima. Mataya yalikuwa kama ya yule wa kwanza, na tumboni pia kulikuwa na uvimbe. Mtoto mmoja angeweza kuwa bahati mbaya tu. Watoto wawili walimfanya afikiri.

Aliporudi Mulago alipekua vitabu vya hospitali, akakuta watoto wengi waliokuwa na uvimbe wa namna hiyo katika mataya au tumboni. Waganga waliotangulia walikuwa wameuona ugonjwa huo, lakini kila uvimbe waliuandika peke yake, kana kwamba ni magonjwa mbalimbali. Burkitt alitambua kwamba ni ugonjwa mmoja. Ulikuwa kansa, ambayo wengine huiita saratani.

Kansa ni nini? Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Kila chembe hukua na kugawanyika kwa utaratibu, kisha huacha. Katika kansa, chembe fulani huharibika, huzaana bila kuacha, na huzisonga sehemu nzima za mwili. Kansa hii ya watoto ilikua upesi kuliko karibu kansa zote. Wengi walikufa katika miezi michache. Kukata taya hakukusaidia, maana uvimbe ulirudi. Burkitt aliwaona akina mama wakiwabeba watoto wao kuwarudisha nyumbani bila tumaini, naye hakuweza kuyasahau hayo.

Mwaka 1958 aliandika habari za ugonjwa huo katika gazeti la waganga. Watu wachache tu waliijali.

4. Ramani na gari kuukuu

Ndipo mtaalamu mmoja wa kansa kutoka Afrika Kusini, George Oettlé, alipomwambia kwamba kwao ugonjwa huo haupo. Burkitt akaanza kujiuliza: kama upo Uganda na haupo Afrika Kusini, mpaka wake uko wapi?

Alichapisha karatasi nyingi zenye picha za watoto wagonjwa, akazipeleka kwa hospitali za serikali na za misioni katika nchi nyingi za Afrika. Kila daktari aliulizwa kama amewaona watoto wa namna hiyo. Majibu yalipofika, Burkitt alichoma pini katika ramani ya Afrika iliyotundikwa ukutani, kila mahali ugonjwa ulipoonekana. Polepole mkanda mrefu ulitokea, ukipita katikati ya Afrika, na mkia wake ukishuka upande wa mashariki mpaka Msumbiji.

Lakini barua hazikutosha. Mwezi wa Oktoba 1961 alianza safari kwa gari la zamani la Ford alilolinunua kwa pauni 250. Wenzake walikuwa waganga wawili, Ted Williams na Cliff Nelson. Williams alikuwa daktari wa misioni ya Kuluva, kaskazini ya Uganda, naye alijua pia kutengeneza motokari. Kwa muda wa majuma 10 walipita barabara za vumbi na matope mpaka Afrika Kusini, wakarudi. Walisafiri kama kilometa 16,000, wakaingia katika hospitali zaidi ya 50. Kila mahali walionyesha picha zao, wakauliza na kuandika.

Waliporudi, ramani ilisema wazi. Katika Uganda na Kenya ugonjwa ulikuwa katika nchi za chini, lakini kupita meta 1,500 juu ya usawa wa bahari ulikuwa haba sana. Nyanda za juu za Kenya, Rwanda na Burundi karibu hazikuujua. Kadiri walivyokwenda kusini, mbali na ikweta, mpaka huo ulizidi kushuka. Burkitt alishangaa: ugonjwa unajuaje urefu wa mlima?

Jibu alilipata kwa Alexander Haddow, mtaalamu wa mbu na virusi huko Entebbe. Haddow alitambua kwamba si urefu wa mlima ulio na maana, bali baridi na ukame. Mahali penye joto na mvua ya kutosha, ugonjwa ulikuwapo. Na mahali pa namna hiyo ndipo mbu hustawi. Ufuko wa Ziwa Tanganyika una urefu wa meta 770 hivi tu juu ya bahari, basi uko chini ya mpaka ule. Mtu akipanda milima ya nyuma ya Uvira, huuvuka mpaka huo kwa miguu yake mwenyewe.

5. Chupa iliyochelewa

Tarehe 22 Machi 1961, kabla ya safari ile, Burkitt alikuwa London, akawaeleza waganga habari za ugonjwa wa watoto. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwapo kijana mtaalamu, Anthony Epstein. Huyu alidhani kwamba labda kuna virusi ndani ya uvimbe ule. Wakapatana, na tangu hapo vipande vya uvimbe vilipelekwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London.

Epstein alitafuta kwa muda mrefu, asione kitu. Mwezi wa Desemba 1963 ndege iliyobeba chupa moja ilizuiwa na ukungu, ikatua katika mji mwingine. Chupa ilipofika, maji yake yalikuwa meupe kama yaliyooza. Mtu mwingine angaliimwaga. Epstein aliyatazama kwanza kwa hadubini, akakuta chembe za kansa zikielea, nazo zi hai. Akazikuza. Mwaka 1964 yeye na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, waliona virusi ndani ya chembe hizo kwa hadubini ya elektroni. Vilikuwa virusi vya kwanza kujulikana vyenye kuleta kansa kwa wanadamu. Vikaitwa kwa majina ya Epstein na Barr.

Burkitt alikuwa amedhani kwamba mbu ndiye achukuaye virusi hivyo. Katika jambo hili alikosea. Baadaye ilijulikana kwamba virusi hivyo huenea kwa mate, na karibu watu wote duniani wanavyo bila kudhurika. Lakini mtoto mdogo anayeshikwa na malaria mara kwa mara, nguvu ya mwili wake ya kuvizuia hupungua, na chembe za damu zilizoingiwa na virusi huzidi kuzaana. Mara chache moja yao huharibika, na kansa huanza. Basi mbu wamo katika habari hii, ila si kwa njia aliyoidhani Burkitt. Jibu lake la kwanza lilikuwa na kosa. Swali lake lilikuwa la kweli, nalo liliwaongoza wengine.

6. Dawa

Watoto hawakuweza kungoja mpaka virusi vijulikane. Kampala haikuwa na mashine ya kutibu kansa kwa miali. Basi tangu mwaka 1960 Burkitt alipata kutoka Marekani na kwingineko dawa mpya za kuua chembe za kansa, akazijaribu kwa uangalifu. Matokeo yalimstaajabisha. Uvimbe mkubwa ulianza kunywea kwa siku chache. Watoto wengine walirudi kuugua, lakini wengine walipona kabisa, wakakua wakawa watu wazima. Wakati ule waganga wengi duniani waliamini kwamba kansa haiwezi kuponywa kwa dawa. Watoto wa Uganda waliwaonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 1967 chuo cha kutibu na kuchunguza kansa kilifunguliwa Mulago, na mpaka leo kinapokea wagonjwa.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, lakini hakuacha kuuliza swali lake. Alikumbuka kwamba vijijini Afrika, ambako watu walikula nafaka zisizokobolewa, maharagwe na mboga, hakuona kansa ya utumbo mkubwa ila mara chache, na huko Ulaya ilikuwa nyingi. Akawahimiza watu wa Ulaya kula vyakula vyenye nyuzinyuzi. Alikufa Uingereza tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

7. Yatupasayo kukumbuka

Ugonjwa alioutambua huitwa kwa jina lake hata leo, nao bado unawapata watoto wa Afrika, zaidi wale wa nchi zenye joto na malaria nyingi. Tofauti ni kwamba sasa unajulikana, na dawa zake zipo. Mtoto akivimba taya au tumbo, na meno yakilegea bila sababu, asifichwe nyumbani, wala watu wasipoteze siku kwa kumtafuta aliyemroga. Apelekwe hospitali upesi, maana uvimbe huu hukua upesi, na siku chache zaweza kuamua kama ataishi. Tena kila mtoto alale ndani ya chandarua, kwa kuwa kumzuia mbu ni kumzuia malaria, na malaria huufungulia ugonjwa huu mlango.

Burkitt alikuwa na jicho moja, na wakubwa walimwona hafai. Lakini alimtazama kila mtoto mgonjwa kwa upendo, akauliza anatoka wapi, akaandika jibu, akalilinganisha na mengine. Kazi hiyo ya kuangalia vema na kuuliza kwa subira yaweza kuanzwa na mwanafunzi yeyote, hata yule wa Kalundu, akiwa na kalamu, karatasi na nia njema.