Mpanda Ngazi Hushuka

Hapa Pioneer, mtaa wa Eldoret ninamoishi, tumezoea kuwaona wanariadha wakilakiwa kwa nyimbo na maziwa ya mursik. Tunausherehekea ushindi, tukasahau kwamba kurejea nako ni mtihani. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Aghalabu wanafunzi wangu huifasiri methali hiyo kuwa ni onyo kwa wenye vyeo. Maisha ya Mwitalia Felice Benuzzi yamenifunza kuielewa vingine.

Benuzzi alizaliwa Vienna mwaka 1910, akakulia Trieste, akasomea sheria na kupenda milima. Mwaka 1938 alikwenda Ethiopia kuitumikia serikali ya kikoloni ya Italia. Doa hilo halifai kufichwa. Mwaka 1941 Waingereza walimteka, na hatimaye akafungwa katika kambi ya wafungwa wa vita mjini Nanyuki, mkabala wa Mlima Kenya.

Uchovu wa kukaa bure ulimsumbua kuliko njaa. Akaazimia kuukwea mlima ule. Nyundo ziligeuzwa sururu za barafu, vyuma chakavu vikawa njumu, kamba za vitanda zikawa kamba za kukwelea. Ramani hawakuwa nayo. Msaada wao mmoja ulikuwa picha ya mlima katika karatasi ya mkebe wa nyama. Tarehe 24 Januari 1943 alitoroka pamoja na Giovanni Balletto, aliyekuwa daktari, na Vincenzo Barsotti. Barsotti aliugua, akabaki hemani. Wale wawili walijaribu kilele cha Batian, mita 5,199, wakashindwa. Mapema Februari wakafika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera ya kwao.

Kisha wakashuka. Walikuwa wamedhoofika kwa njaa, na nchi yoyote ya kukimbilia ilikuwa mbali mno. Siku 18 baada ya kutoroka, walirudi kambini kwa miguu yao wenyewe, wakajitambulisha kwa wakubwa. Hapakuwa na nyimbo wala maziwa. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha upweke. Mkuu wa kambi, kwa kuustahi ujasiri wao, akazipunguza hadi 7.

Baada ya vita Benuzzi alikuwa mwanadiplomasia. Mwaka 1947 kitabu chake kuhusu safari ile kilichapishwa. Alifariki Roma mwaka 1988. Bendera yake haikudumu mlimani. Desemba 1963 Kisoi Munyao aliipandisha huko bendera ya Kenya huru.

Walimu wenzangu, tunawahimiza vijana wakwee hadi kilele cha mtihani. Je, twawafundisha kushuka? Yuko atakayefika Lenana akiwa ameikosa Batian. Yuko atakayerudi nyumbani asipate wa kumlaki. Huyo naye anahitaji kujua namna ya kubisha hodi bila aibu, aseme alikokuwa, na awe tayari kuyajibia aliyoyatenda. Kwa maoni yangu, hiyo nayo ni elimu.