Alan Turing: Mwanahisabati aliyeiumbua mashine ya siri ya Ujerumani

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jeshi la Ujerumani lilituma amri zake kwa Enigma, mashine iliyogeuza ujumbe kuwa fumbo. Kujaribu mipangilio yake mmoja mmoja ilikuwa kama kuhesabu mchanga wa pwani.

Alan Turing, mzaliwa wa London mwaka 1912, aliripoti kazini Bletchley Park Septemba 4, 1939, siku moja tu baada ya Uingereza kuingia vitani. Hakuanzia sifuri: wanahisabati wa Poland walishaivunja Enigma tangu 1932.

Kumbe mashine ilikuwa na kasoro. Haikuweza kugeuza herufi ikabaki ileile: A iligeuka yoyote, ila si A.

Kasoro ya pili ilikuwa watu wenyewe. Kila siku walituma taarifa za hali ya hewa kwa maneno yaleyale. Basi Waingereza walikisia neno, wakaliweka chini ya fumbo. Herufi moja tu ikifanana, neno haliko hapo. Likikaa sawa, Bombe, mashine aliyoibuni Turing, ilichuja mipangilio.

Wajerumani waliendelea kuiamini Enigma hadi waliposhindwa 1945.

Turing hakuvuna sifa. Mwaka 1952 alihukumiwa kwa mapenzi ya jinsia moja, kosa la jinai Uingereza enzi hizo, akanyang'anywa kibali cha kazi za siri. Alifariki Juni 7, 1954, akiwa na miaka 41. Msamaha wa Malkia ulikuja 2013.