Paul Graetz

Paul Graetz (Zittau, Ujerumani, 24 Julai 1875 – 16 Februari 1968) alikuwa afisa wa jeshi la Ujerumani na msafiri anayejulikana kama mtu wa kwanza kuvuka bara la Afrika kwa motokaa kutoka pwani ya mashariki hadi pwani ya magharibi.

Mazingira ya safari

Graetz alitumikia jeshi la kikoloni katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Wakati huo motokaa ilikuwa chombo cha anasa kwa matajiri wa Ulaya, na viwanda vilishindana kuonyesha kwamba magari yao hayaharibiki upesi. Mwaka 1907 Rolls-Royce ya Uingereza iliendesha gari lake moja takriban kilomita 24,000 ili kulijaribu. Mwaka huohuo, tarehe 10 Agosti, gari la Itala la Italia liliingia Paris likiwa la kwanza katika mashindano yaliyoanzia Beijing. Siku hiyohiyo Graetz aliondoka Dar es Salaam.

Gari

Gari lake lilitengenezwa kwa agizo maalumu katika kiwanda cha Gaggenau, kusini mwa Ujerumani. Lilikuwa na injini ya silinda nne. Magari ya Ulaya yalijengwa kwa barabara nzuri. Hili lilipewa magurudumu makubwa na kuinuliwa juu zaidi ya ardhi, ili lisikwame kwenye mawe na visiki.

Safari

Njia ilipita Morogoro, Mpwapwa na Tabora, kisha ikaelekea kusini hadi Rhodesia (leo Zambia na Zimbabwe) na Johannesburg. Kutoka huko alivuka jangwa la Kalahari, ambako ukosefu wa maji na petroli ulihatarisha maisha. Alifika Swakopmund, katika Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909, baada ya siku 630 na zaidi ya kilomita 9,000.

Sehemu kubwa ya muda huo gari lilikuwa limesimama: likingoja vipuri kutoka Ujerumani, au likivutwa kutoka matopeni na mitoni. Petroli ilitangulizwa njiani, kwa kiasi kikubwa vichwani mwa wapagazi Waafrika. Hivyo chombo kilichokusudiwa kuonyesha uwezo wa injini kilitegemea nguvu za watu ambao majina yao mengi hayakuandikwa.

Maisha ya baadaye

Graetz alisimulia safari hiyo katika kitabu kilichotolewa mwaka 1910. Mwaka 1911 alianza safari nyingine, sasa kwa mashua ya injini iliyoitwa Sarotti, kutoka Quelimane nchini Msumbiji kuelekea mto Kongo. Mwenzake Mfaransa, Octave Fière, aliuawa na nyati njiani. Graetz alifariki akiwa na umri wa miaka 92.

Umuhimu

Kiwanda cha Gaggenau kiliingia mikononi mwa Benz kufikia mwaka 1910, na Benz ikaungana na Daimler mwaka 1926.

Katika Tanganyika safari hiyo haikuleta barabara mara moja. Serikali ya kikoloni iliendelea kutegemea reli: Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Arusha, chini ya Mlima Meru, ilipata reli mwaka 1929, wakati wa Waingereza.