Fabre: Mwalimu maskini aliyefuga mbawakawa akafichua siri yao

NI watu wachache mno waliowahi kumpa mdudu wa samadi heshima aliyopewa na Jean-Henri Fabre, mwalimu Mfaransa aliyewafuga mbawakawa ili afahamu jinsi wanavyolea watoto wao.

Fabre alizaliwa Desemba 1823 katika kijiji cha Saint-Léons, kusini mwa Ufaransa. Wazazi wake walikuwa maskini, naye akajisomea kwa taabu hadi akahitimu ualimu. Alifundisha Carpentras, kisha Ajaccio katika kisiwa cha Corsica, na hatimaye Avignon.

Mnamo 1870 alilazimika kuiacha kazi hiyo. Kosa lake lilikuwa kuwaeleza wasichana, katika masomo ya jioni yasiyolipiwa, jinsi maua yanavyochavushwa. Wahafidhina walikasirika, na mwenye nyumba akamfukuza pamoja na familia yake. Alinusurika kwa mkopo wa rafiki yake, mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, akahamia mji wa Orange na kujikimu kwa kuandika vitabu vya shule.

Mwaka wa 1879 alinunua shamba la mawe na magugu huko Sérignan, ambalo wenyeji waliliita Harmas. Wengine waliliona jangwa, ila kwake ilikuwa maabara. Mwaka huo huo alitoa juzuu ya kwanza ya kitabu chake kuhusu maisha ya wadudu. Ya 10 ilitoka 1907.

Swali lililomsumbua zaidi lilihusu mbawakawa anayeviringisha mpira wa samadi. Tangu enzi za kale iliaminika kwamba ndani ya mpira huo mna yai. Fabre alipasua mipira mingi na hakupata yai hata moja. Kilikuwa chakula tu.

Aliwaweka wadudu hao katika vizimba na kuwaletea samadi mbichi. Hata hivyo, majaribio yake ya awali hayakufua dafu. Walikula wakashiba, lakini hawakujenga viota.

Jibu lilitoka kwa kijana mchungaji aliyeombwa awachunguze mbawakawa malishoni. Siku moja ya Juni alimletea Fabre kitu alichokifukua ardhini, chenye umbo la tunda la peasi. Hicho ndicho kilichokuwa kitanda cha mtoto, kilichofinyangwa na mama kwa samadi laini ya kondoo. Yai lilikuwa katika shingo nyembamba, mahali panapopenya hewa, ilhali sehemu nene ilihifadhi chakula kisikauke.

Kwa hivyo, alichokieleza nusunusu mwaka wa 1879 alikisahihisha katika juzuu ya tano, iliyochapishwa 1897. Hakuona haya kukiri kwamba alikuwa amekosea.

Baada ya kupata viota, aligundua jambo jingine. Kufikia Agosti, ganda la nje huwa limekauka kwa jua na kuwa gumu kama tofali. Fabre aliyaacha baadhi ya maganda katika sanduku kavu. Alisikia wadudu wakikwaruza ndani, lakini walishindwa kutoka na wakafa humo.

Mengine aliyafunga kwa kitambaa chenye maji. Ganda lililainika, na mbawakawa wakaupasua ukuta kwa mgongo na miguu, wakatoka wakiwa hai. Hapo akatambua kuwa chakula pekee hakitoshi. Mdudu huyo huisubiri mvua ya Septemba ili azaliwe mara ya pili, na anayemfuga hana budi kumletea mvua hiyo kwa mkono wake.

Fabre aliaga dunia Oktoba 11, 1915, akiwa na umri wa miaka 91. Umaskini ulimwandama karibu maisha yake yote, na sifa zilimfikia akiwa tayari mkongwe. Makao yake ya Harmas yamehifadhiwa kama makumbusho.

Vitabu vyake vilipata wasomaji wengi nchini Japani, ambako watoto na watu wazima hufuga mbawakawa wakubwa wenye pembe, wakiwemo wa kutoka nchi za joto. Nao hujifunza mapema lile ambalo mwalimu huyo alilijua kwa kupoteza wadudu wake: udongo ukikauka, jitihada yote huwa ni kazi bure.